Wiki ya Kufunga

Jumatatu nilifunga. Chai sikunywa, mkate sikumega,
nikapita kibanda cha chapati pale Umoja
nimeziba pua kama mtu anayepita jaani.
Saa nne simu ikatetema.
Ni Jerusa wa saluni: umeona ya Nkirote?
Sikuwa nimeona.
Bando ilikuwa imeisha. Nikachukua shilingi hamsini
nilizokuwa nimezikunja kwenye bahasha ya sadaka,
nikanunua.

Basi nikala.

Nikala mlango wa hoteli kule Westlands,
nikala kiatu kimoja mkononi mwake,
nikala mwanamume aliyejifunika uso kwa koti,
nikarudi nyuma sekunde tatu, nikala tena,
kidole kikiramba kioo
kama mtoto na sufuria ya uji.
Lugha yetu hii haina haya, husema wazi:
msengenyaji hula nyama ya mtu.
Mimi nilikuwa nimefunga nyama ya ng'ombe.

Jumanne nilimtumia Priska. Jumatano Priska akanitumia mimi
ile ile, imetiwa muziki.
Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama,
Mama Wanza alisema tumkumbuke dada yetu,
na hakuna aliyeuliza dada yupi.
Tuliomba kwa urefu sana. Tulimweleza Mungu kila kitu,
rangi ya gari, jina la mke wa yule bwana,
kana kwamba Yeye hana bando.

Ijumaa nilimchukia kidogo, kwa ajili ya imani.

Jumamosi habari zikapoa. Nikaona njaa
isiyokuwa ya tumbo.
Nikafungua simu, nikafunga, nikafungua,
nikitafuta kama amelia.

Jumapili, baridi ya Julai, mabati ya kanisa yanadondosha umande,
nilikuwa zamu ya mlangoni, utepe wa buluu begani,
nagawa karatasi za matangazo.
Akaja na mama yake.
Sikumtambua. Zile nywele hakuwa nazo.
Alikuwa mdogo kuliko yule niliyemla.
Mama yake namjua mwaka wa nane huu:
huuza maharagwe ya kuchemsha soko la Mutindwa,
huniongezea kijiko.
Sikuwahi kumuuliza ana watoto wangapi.

Nyuma yangu mabenchi yakaguna. Mtu akainua simu.
Yangu ilikuwa mfukoni, ina joto pajani,
naye yumo ndani yake, kiatu mkononi,
naye yupo mbele yangu amevaa vyote viwili,
amenyosha mkono.
Nikaujaza karatasi.

Kasisi alihubiri. Siwezi kukwambia alihubiri nini.
Nakumbuka meza ilivyoandaliwa, kitambaa cheupe,
mkate umekatwa vipande vidogo kama vya kulisha ndege,
na foleni ikisogea, nami ndani ya foleni
nikahesabu wote niliowala tangu Krismasi:
yule mchekeshaji na talaka yake,
yule mtangazaji na mtoto wa nje,
yule kijana wa raga ambaye hata haikuwa kweli.
Ni Mmoja tu aliyewahi kusema nileni.
Nkirote hakusema.

Nilitoka kwenye foleni. Watu wakadhani naumwa.

Nimeifuta ile video. Usinisifu:
ilikuwa imeshapitia mikononi mwangu kwa watu kumi na wanne,
nimewahesabu kwa majina,
na siwezi kwenda kuitoa matumboni mwao.
Wawili nimewapigia. Mmoja alicheka.
Mwingine aliuliza, kwani kuna mpya?

Leo jioni nimepita Mutindwa. Mama yake alikuwa peke yake,
shuka mabegani, moshi wa makaa ukimwingia machoni,
au labda si moshi.
Akanipimia maharagwe. Akaongeza kijiko,
kama kawaida.
Nikasimama na bakuli langu hewani.
"Mbona hupokei?" akauliza.