Kistari

Alikuja Jumanne, mvua ya Burnley ikimchuruzika kofiani,
akakunjua tangazo la kifo juu ya meza yangu ya gazeti.
"Neno hili," akasema Bi. Enid Hargreaves. "Liondoe."

Mwanawe Desmond ameliandika kwa wino wa buluu:
Walter, fundi bomba mstaafu, ameacha mjane,
long-suffering Enid.

Urefu upande huu, mateso upande ule,
katikati kistari kimewafunga
kama wageni wawili waliopewa mwavuli mmoja.

"Mnatoza kwa neno. Hili ni moja au mawili?"
Moja, nikamwambia. Na si tusi, mama.
Zamani lilikaa mimbarini, lilikuwa sifa ya Mungu
asiye mwepesi wa hasira.
Kisha likashuka ngazi, likaingia baa, likajifunza kucheka.
Siku hizi huvishwa mke wa mlevi,
shabiki wa timu isiyofunga,
karani wa bosi anayepoteza miwani kila asubuhi.
Mtu akilitamka, wasikilizaji hutabasamu kwa pembeni:
kuna mwingine anayesemwa hapo bila kutajwa.

"Ndiyo hivyo. Wanamchungulia Walter kupitia kwangu.
Nimekuwa tundu la ufunguo."

Akavua glavu moja, nyingine akaisahau.
Miaka arobaini na minane, akasema.
Njiwa wa mashindano darini, kinyesi hadi kwenye shuka.
Pesa ya makaa ikaliwa na mbwa wa mbio.
Mara moja alinisahau kituoni Skipton
na keki ya harusi ya dada yake mapajani,
akarudi saa nne usiku akilia kuliko mimi.
"Mateso ni jino. Huyu alikuwa Walter."

Mvumilivu hula mbivu, husema watu.
Huyu alikula maganda, na sasa hataki ahurumiwe kwa ladha yake.

Nikachukua kalamu nilikate lote.
Akanishika mkono.
"Urefu uache. Kwa urefu sina ugomvi."

Basi nikafuta mateso.
Likabaki refu peke yake na kistari chake,
mkono ulionyooshwa
pasipo mtu wa kuupokea.

Alilitazama kitambo.
"Na hicho," akasema, "kisiguswe."

Ijumaa gazeti likatoka.
Watu wanne walipiga simu kutuarifu kosa la chapa.
Niliwashukuru, mmoja mmoja,
nikaandika majina yao,
sikusahihisha.