Kifungu cha Nne

Viti kumi na kimoja, meza ya Kamati ya Vipimo,
ghorofa ya pili, Lubumbashi, njia ya kushukia Kamalondo.
Mimi naandika mihtasari. Kuhesabu watu ni sehemu ya kazi.

Watatu wana beji ya kampuni.
Wa nne ni mtaalamu wa chuo, lakini maabara yake
ilipakwa rangi na kampuni mwezi wa Machi.
Wa tano anawasemea wachimbaji wa Kawama
na kiatu chake hakijaujua udongo mwekundu.
Wa sita ni mkwe wa wa kwanza.
Sitaendelea. Joto ni kali, na feni pia ni zawadi.

Shauri lenyewe ni dogo:
jiwe lililofika na gunia, lina maji kiasi gani?
Kila asilimia ya maji hukatwa kwenye bei,
na mashine inayoitaja asilimia
wameiunda hao hao wanaonunua jiwe.

Rasimu ya kwanza ilisema: mashine
lazima ifunguliwe na kukaguliwa mbele ya muuzaji.
Ya leo imeletwa imekwisha chapwa, karatasi nzito.
Lile "lazima" limeondoka, hakuna aliyeliona likitoka mlangoni.
Kwenye kiti chake ameketi "inapofaa".

"Inapomfaa nani?"
aliuliza Mama Musao, wa mizani ya soko la Kenya,
aliyekuja kwa miguu na hajasaini posho.
Kikohozi. Vijiko.
Mwenyekiti akasema bukari inapoa,
na samaki wametoka Kasenga asubuhi.

Hawakuja mkono mtupu, hawa.
Samaki, feni, bahasha,
hata kalamu niliyoshika ina jina lao ubavuni.

Nikamkumbuka kaka yangu Kishimba,
aliyeanika mawe juu ya bati siku tatu
mpaka yakalia kama vigae,
na mashine ikamjibu: maji, asilimia kumi na nne.
Maji ya wapi?
Labda jasho.

Saa tisa wakaniambia niandike:
"Wajumbe wote wamekubaliana."
Nikaiweka kalamu chini.
Nikatoa penseli ya mwanangu, imetafunwa mkiani:

*Kumi wamekubali. Nane kati yao mlipaji wao ni mmoja.
Musao amekataa. Swali lake
halijajibiwa, nalo ni hili.*

Penseli hufutika, najua.
Ndiyo maana nimekandamiza
mpaka karatasi ya chini nayo ikasoma.