Boti Yangu, Mashine Yake

Baba alipogawa, aligawa hivi:
mimi boti, futi kumi na nne za alumini
yenye kibonyeo ubavuni, alama ya mwamba fulani;
dada yangu Gudrun mashine, nguvu za farasi kumi na tano,
ikohoayo kabla ya kukubali.
Wakili alisoma mara mbili akidhani kakosea.
Hakukosea. Mzee alitujua.

Basi kila Novemba, sisi tusiosemezana tangu msiba,
tunakutana gatini kabla hakujapambazuka,
yeye kaikumbatia mashine kama mtoto aliyelala,
mimi nimeshika kamba.
"Umetia mafuta?"
"Nimetia."
Hayo ndiyo maamkizi.

Hakuna barabara ya kwenda waliko ayala.
Visiwa hivi vya Alaska vimejikunja, msitu umeshuka
mpaka kwenye chumvi, na mlango wa ghuba
ni mwembamba, meli kubwa huupita kwa mbali.
Sisi twapenya. Tumbo la boti lakwaruza mwani.
Sili anachomoza kichwa chenye upara,
anatutazama kama karani wa kodi, anazama.

Nikaifunga boti kwenye mzizi wa mwerezi.
Nikaifunga fupi. Likumbuke hilo.

Tukapanda. Miiba ikatuchuna mikono,
kinamasi kikameza buti langu la kushoto
kikalirudisha shingo upande.
Juu, theluji ya kwanza, nyepesi kama unga uliomwagika.
Gudrun akatia filimbi mdomoni,
kipande cha mpira kati ya vijiti viwili,
akalia kilio cha ndama wa ayala aliyepotea.
Sijawahi kumsikia akilia hivyo,
hata kule makaburini.

Dume likatoka, shingo imevimba kwa ashiki,
mvuke puani. Likasimama kumtafuta anayelia.
Risasi ilikuwa yangu. Moja.
Kisha ule ukimya wa kuhesabu: nani mwingine kasikia?
Maana huku dubu wamejifunza;
mlio wa bunduki kwao ni kengele ya chakula.

Saa nane mchana tukatokea ufukoni tukiburuta nyama,
na bahari haikuwepo.

Boti imelala topeni kwa ubavu,
hatua sabini kutoka majini,
kamba yangu fupi imelegea shingoni mwake.
Bamvua. Nilikuwa na jedwali la maji mfukoni,
limekunjwa vizuri kabisa.

Nikangoja anitukane. Alikuwa na haki.
Akasema tu, "Masaa sita,"
akaanza kuokota kuni mbichi.

Saa tisa na nusu jua likazama. Moto ukawa moshi.
Tukakaa mgongo kwa mgongo,
kila mmoja na msitu wake wa kulinda,
nikawa nasikia pumzi zake mbavuni mwangu.
Kitu kizito kikavunja tawi upande wake.
Akagonga sufuria. Kikaenda. Labda.

"Nimepata mteja wa mashine," alisema bila kugeuka.
"Yuko Ketchikan. Analipa vizuri."
Sikujibu. Boti isiyo mashine ni beseni.
"Nikamwambia nitafikiria."
Muda mrefu. Kisha:
"Baba naye alikuwa akifunga fupi. Hukumbuki?
Tulilala papa hapa. Una miaka sita.
Ulilia usiku kucha ukasingizia moshi."

Nilikuwa nakumbuka moshi tu.

Maji yakarudi bila kelele,
yakaulamba mkia kwanza, yakasita, yakaulamba tena,
mpaka boti ikatikisika kama mtu anayeamshwa.
Tukapakia: nyama katikati, sisi kwenye ncha.
Gudrun akavuta kamba ya mashine. Kimya.
Akavuta tena. Kikohozi.
Mvuto wa tatu hakuuvuta;
alinisogezea mpini, akaenda kukaa mbele,
ini ndani ya kopo la kahawa mapajani mwake,
kurunzi mkononi, akimulika magogo yaeleayo,
akisema kushoto, kushoto kidogo, haya, kulia,
polepole, we mtu, polepole,
maneno mengi kuliko ya miaka minne.