Isale Kando ya Bomba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu siku ya kwanza aliomba ufagio,
akafagia baraza la zahanati, kisha choo,
kisha akauliza choo kingine kiko wapi.

Tulimwita Suami,
bila kujua kama ni jina au cheo.
Alikuwa na nguo mbili za rangi ya papai bivu,
moja mwilini, moja kambani,
na jozi moja ya kandambili, ukanda umeshikwa na msumari.

Mimi ni fundi viatu wa kona ya stesheni.
Miaka ile treni haiji, majani yamepanda relini,
na msumari ule ulinikera.
Alipita mbele ya kibanda changu asubuhi na jioni,
hakuwahi kuniletea hata shilingi.
Nikaanza kusema.
Nikasema ana mfadhili. Nikasema anatafuta kiwanja.
Nikasema hakuna mtu anayekata kucha za wazee wa watu bure,
lazima kuna daftari mahali, na majina yetu yamo.
Maneno yangu yalitembea na viatu nilivyovishona
hadi Majengo, hadi Pasua, hadi Rau,
yakanirudia yakiwa yameongezwa soli.

Kisha mguu wa mama.
Kidonda cha sukari, juu ya kisigino,
na harufu iliyonifanya kila jioni
nikumbuke gundi niliyoisahau kibandani.

Alhamisi moja nilikuta mlango wazi.
Amechuchumaa, beseni la bluu, maji vuguvugu ya chumvi,
mguu wa mama juu ya paja lake, juu ya lile papai.
Anaosha polepole, kama aoshaye kikombe cha mgeni.
"Mguu yako nzuri leo," alisema.
Naye mama, Aikande binti Ndewario,
Mlutheri wa benchi la mbele,
aliyemkatalia hata mchungaji kugusa soksi yake,
alinitazama akasema:
"Huyu nimemsoma. Yohana kumi na tatu."
Kisha akalalamikia mtori aliopikiwa:
"Hauna nyama. Mtori gani huu?"
Suami akacheka mpaka maji yakamwagika.

Nje nikamuuliza, unapata nini?
Akafikiri kweli, kana kwamba nimeuliza bei ya chumvi.
"Asubuhi naomba nimwone Mungu," akasema.
"Mchana naitwa: njoo, kidonda kimefunguka.
Nikikataa, jioni nitaomba nini?"

Sikulala. Alfajiri nikapanda Kibosho, kihambani kwetu,
nikakata isale pamoja na kishina chake.
Kwetu ukibeba jani hilo husemi mengi;
hata kama damu ilimwagika, mwenye isale husikilizwa.
Nikampa kwa mikono miwili.

Hakulijua. Nami sikupata ulimi wa kumweleza.
Alishukuru, akalinusa, akatazama huku na huku,
akachimba kwa kijiko kando ya bomba, akalipanda.
Ikawa msamaha wangu unamwagiliwa kila siku
na mtu asiyejua kwamba nilimkosea.
Au alijua. Sijui.

Alikufa masika, mlima haujatoka wiki nzima.
Nilibeba kuni pamoja na Wahindi wa duka la nondo.
Walimchoma, majivu wakayatia mto Karanga,
nami, Mchagga, nikasimama pale na tatizo langu:
mtu bila kihamba, bila kaburi,
bila mtoto wa kuonyeshwa baba alipolala,
Desemba utamtembelea wapi?

Maji yalikuwa na haraka.

Kandambili zake waliniletea. "Wewe ndiye fundi."
Niling'oa msumari, nikashona ukanda mara mbili,
nikampa mlinzi wa zahanati. Zilimwenea.

Isale sasa limelipita bomba kwa urefu.
Kwetu huoteshwa mpakani, na juu ya makaburi.
Juzi mwanamke mmoja alianika nepi juu yake;
nikafungua kinywa nimkemee.
Kisha nikachota maji, nikamwagilia shina,
nikamsaidia kukamua zilizobaki.