Uzi Uliofumuka

Saa mbili asubuhi, Muheza. Umeme umerudi.
Semhando ameleta vikombe kumi na vinne vya karatasi
kutoka nyumba za Mkanyageni,
neti juu, mpira shingoni,
na ndani wale waliokesha wakinywa watu.

Namtoa mmoja kwenye friza. Tumbo bado jekundu,
ameshiba mtu fulani ambaye sasa hivi
yumkini anajikuna akipanga machungwa barabarani.
Tone la maji ya chumvi. Sindano mbili.
Navuta pingili ya mwisho ya tumbo, taratibu,
kama atoaye mwiba kwenye unyayo wa mtoto,
na ovari zinateleza nje, mbili,
kila moja ndogo kuliko chenga ya mchele.

Watu hudhani damu ndiyo yai.
Sivyo. Damu ni hodi tu.
Tumbo likijaa, kichwa hupeleka habari,
na ovari, zilizokuwa zimekaa kimya tangu juzi,
zinaanza kupika homoni.
Hazingoji kugawiwa; ndizo zinazoagiza.
Homoni inapita katika maji ya mwili
mpaka kwenye mafuta yaliyotandikwa chini ya ngozi,
inayaambia: kiini. Leteni kiini.
Na mafuta yanasomba, usiku kucha yanasomba,
hata yai lisiloonekana linavimba, linapata umbo la mtumbwi.
Ningemwacha hai, keshokutwa angetafuta maji.
Unyayo wa ng'ombe uliojaa mvua ungemtosha.

Mimi homoni nilipewa kwenye bahasha ya khaki,
Bombo, miezi saba, kidonge kimoja baada ya chakula.
Daktari alinichorea nyuma ya cheti
maumbo yaleyale mawili ninayoyachora daftarini kila siku.
Sikumwambia kwamba nayajua.

Zimekauka kwenye kioo. Nakuza lenzi.
Juu ya ovari hutambaa mirija ya hewa,
na kwa yule ambaye hajawahi kutaga
ncha zake zimejiviringa kama nywele za kichanga.
Akitaga mara moja, zinafumuka.
Hazijirudi tena.
Ndivyo tunavyowapanga: kushoto hajazaa, kulia amezaa.
Hatuulizi watoto wako wapi.
Hata waliokaukiwa na dimbwi
mama yao anaandikwa kulia.

Mama mkwe wangu, kule Magila, ana safu zake.
Binti yangu aliishi siku mbili, masika ya mwaka juzi.
Shughulini bado wananiita nikae na wasiozaa,
na mimi hukaa, nakata vitunguu.

Huyu wa kikombe cha tisa:
nyuzi zimenyooka, zimelala ovyo, kama mkeka uliochanika ukingo.
Semhando ana kalamu mkononi.
"Vipi?"
"Amezaa," nasema.
Halafu nasema tena,
ingawa alishasikia,
ingawa alishaandika.