Pete Ukutani

Upepo wa bahari ya Karibi hufika Mompos
umeshachoka, umevua viatu,
ukalala mchana kutwa juu ya vigae.
Nami nilifika hivyohivyo, saa saba,
kwa basi kutoka Barankiya,
na hereni moja ya marehemu mama
ndani ya kisanduku cha kiberiti chenye pamba.
Ya pili aliipoteza kwenye harusi ya dada yake,
akakataa kusema alicheza na nani.

Sonara Eulises Turizo aliinyanyua kwa kibano,
akaigeuza mbele ya taa, akaguna.
"Kazi ya mzee Obeso. Alisokotea kushoto."
Pacha wake, alisema, hawezi kumfufua,
"lakini ndugu, baba mmoja mama mbalimbali,
huyo namweza. Rudi saa kumi na moja."

Basi nikawa na saa nne za kupoteza
katika mji usiopoteza kitu
ila mto.

Mto ulihama.
Wenyeji wanausema kama mume wa mtu:
siku moja uliaga unakwenda kununua chumvi,
ukashika mkono mwingine, ukaondoka na meli zote,
ukawaachia mkondo mwembamba wa matope
na makanisa sita yasiyojua yamkaribishe nani.

Nyumba nyeupe, madirisha yametoa matumbo ya chuma.
Viti vya bembea vimetangulia barazani,
vinawangoja wenyewe jua lipoe.
Mbwa kalala katikati ya barabara ya wafalme;
pikipiki zinamzunguka kwa adabu.

Deiber, mvulana wa miaka kumi na mmoja,
aliyejiajiri kunitembeza bila kuniuliza,
alinionyesha mlango wa bwana aliyekula kwa sahani za fedha,
akanionyesha dirisha la mkewe,
kisha gatini, kwenye ukuta wa mto,
pete ya chuma, pana kama sinia,
imepigiliwa ndani ya jiwe.
"Ya kufungia nyumbu," alisema,
akatundika hapo mfuko wake wa shule.

Nidia, muuza jibini, hakuinua macho.
Jibini yake huikunja kama leso,
tabaka juu ya tabaka.
"Nyumbu," alisema, "na waliofungwa pamoja nao.
Bibi wa bibi yangu hakuwa na kwato."
Akafunga kifurushi. "Elfu tano."

Chanda chema huvikwa pete.
Nilisimama pale nikipima:
chanda gani, chema kwa nani,
kwa pete ya kipimo hiki?
Kila mwaka kabla ya Wiki Takatifu
ukuta hupakwa chokaa, pete nayo hupakwa, harakaharaka,
na kabla ya mvua kutu imeshatokeza,
mstari mwekundu hadi chini,
kama mtu aliyekunywa mvinyo akasahau kufuta kidevu.
Niliingiza mkono. Ukazama hadi kiwiko.
Chuma kilikuwa cha moto. Deiber akacheka,
akachukua mfuko wake, akaenda zake.

Turizo alinisubiri na hereni mbili kiganjani,
nyuzi nyembamba kuliko unywele,
maua mawili yasiyofanana sana.
"Fedha ni kidogo," alisema. "Iliyobaki ni tundu.
Sisi huku tunauza tundu."
Nikamuuliza nani alimfunza Obeso kusokotea kushoto.
"Babake."
Na babake?
Alipuliza taa kwanza.
"Mtu mmoja. Daftarini hana jina.
Ameandikwa baada ya mivukuto, kabla ya nyundo."

Nilizivaa zote mbili. Ile mpya ni nzito kidogo.
Ndani ya basi la usiku jirani yangu
aliona wekundu kwenye mkono wa shati,
akaniuliza kama nimeumia.
Nikamwambia hapana,
nimeegemea ukuta.