Unga wa Sikukuu

Cherehani nimeifunika shuka.
Vifungo nimevipandisha juu ya kabati,
maana Petu ana miaka miwili na miezi minne
na kila king'aacho kwake ni peremende.
Mama yake yuko Bombo, zamu ya usiku imemng'ang'ania hadi mchana.
Tarehe ishirini na tatu, Barabara ya Kumi na Mbili
inachoma kama bati la mkate,
na mimi, fundi wa suruali za watu,
nimekabidhiwa Krismasi na mtoto.

Kwanza unga.
Vikombe viwili, chumvi kikombe kizima, maji kidogo kidogo.
"Kanda," nikamwambia.
Akanitazama kama mtu aliyepewa noti kubwa akaambiwa hataki chenji,
kisha akazamisha mikono hadi viwiko.

Bonge moja tukalitia manjano: nyota, kabla hata ya kuwa na ncha.
Bonge la pili likanywa maji ya choya.
Nusu ilikwenda sakafuni,
robo kwenye nywele,
na kiasi ambacho mama yake hatakisikia kwangu
kilikwenda tumboni.
"Chumvi!" akakunja uso.
Akaonja tena, kuhakikisha.

Mchele mbichi nikaumwaga siniani.
Akaupitisha vidoleni, shaa,
akaumwaga, shaa,
akanyamaza kusikiliza
kama mzee anayetega habari za saa mbili.
Ndani nilificha vijiti vya mdalasini alivyoleta Bi Mwanahawa
aliyechungulia dirishani: "Mnapika nini humo?"
"Betlehemu, jirani."
"Haya. Ikiiva mniletee."

Chungwa la Muheza tukalivika karafuu;
kuchomeka kazi yangu, kunusa kazi yake,
na alinusa kwa bidii hadi karafuu moja ikamganda puani.
(Nje ya pua. Nilihesabu zote, mara mbili.)

Theluji hatuijui, wala sikutaka kumdanganya kwa pamba.
Nikampa singa za katani, nyeupe, ndefu,
azitandaze juu ya tawi la mvinje
tulilolisimika kwenye kopo la rangi.
Akazipitisha shavuni. Zikamwasha.
"Ndevu ya Babu!"
Basi mti wetu una ndevu za Babu Semkiwa wa Magila,
na anayetaka theluji akaitafute kwingine.

Tukafika zizini.
Ng'ombe wangu alitoka kama pasi ya mkaa.
Punda hakutoka kabisa; nilimwita jiwe, akakubali kuwa jiwe.
Mamajusi walikuwa vizibo vitatu vya soda, vikubwa vya kutomezeka,
na mmoja alipotea chini ya kitanda
akaendelea na safari yake huko.
Petu akafinyanga kitu, akakiviringisha, akakibonyeza,
kirefu kama tende, chenye tundu moja la kidole.
"Toto," akasema.
Nikakata kipande cha kaki, masalio ya sare za shule,
tukamfunga.

Saa tisa mlango ukalia.
Mama Petu kasimama, viatu mkononi,
harufu ya dawa ya hospitali mpaka kwenye kitenge,
macho yamekuwa mawili mekundu.
Akauona unga ukutani. Hakusema.
Akauona mchele. Akafungua mdomo,
na kabla neno halijatoka
Petu akamwekea mkononi kile kitoto cha chumvi.

Nikadhani atakiweka mezani.
Mkono wake, wenyewe, bila kuulizwa,
ukashika kichwa kwanza.
Kidole kikatelezesha kaki usoni,
akakiinamia, akasikiliza.

"Kimelia?" nikamuuliza.
"Ngoja," akasema, na alikuwa hatanii,
akakisugua mgongoni taratibu kwa kidole gumba,
mara moja,
mara mbili.
Petu akaangua kilio kwa niaba yake,
kilio cha uongo, kikali, cha mapafu mazima.

"Kilo tatu na robo," akasema mama yake,
akakaa chini palepale, juu ya mchele.